SHA, bima ya kampuni, au zote mbili? Ulinganisho kwa familia za Mombasa

Mama muuza samaki alijifuta kidole gumba kwa ncha ya kanga, mara ya nne sasa, akakiweka tena juu ya kile kioo kidogo. Mashine yetu ya alama za vidole ikakataa. Tukajaribu cha shahada, cha kati, cha pete. Miaka ishirini ya kupaa samaki kule Kongowea imemlainisha ncha za vidole, mistari haionekani. Mjukuu wake alikuwa ameshalazwa, dripu mkononi. Mchango wake wa mwaka mzima wa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii inayoendesha bima ya serikali, ulikuwa umelipwa na ujumbe wa M-Pesa upo kwenye simu. Mwisho kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikakubali. Akasema alhamdulillahi kwa sauti, na foleni nzima ikaitikia.

Nyuma yake alisimama kijana anayefanya kazi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Yeye alikuwa na kadi ya bima ya binafsi, ile ya plastiki ngumu yenye picha. Ilisoma mara moja. Lakini mgonjwa hakuwa yeye, alikuwa babake, miaka 71, sukari na presha. "Kaka, mzee hayumo," nikamwambia. Aliigeuza kadi nyuma na mbele kana kwamba jina la babake lingejitokeza, kisha akaketi kwenye benchi akaanza kuwapigia ndugu zake mmoja mmoja.

Nakaa dirisha la bili la hospitali moja hapa kisiwani, mwaka wa kumi na moja huu. Kila wiki kuna mtu ananiuliza: nilipe SHA au nichukue bima ya kampuni binafsi? Na kila mageuzi ya afya yakitajwa kwenye taarifa ya habari, swali hilohilo hurudi kwa ukubwa wake: ni lazima serikali yenyewe iendeshe bima, au inatosha iweke sheria na kuwaachia wenye kampuni? Kwangu haya ni swali moja. Jibu langu nalitoa mapema ili usinisome huku ukinikisia: kwa nchi kama Kenya, bima ya serikali lazima iwepo, na mwenye pesa ya bima moja tu aipeleke SHA. Kampuni nazo zina mahali pake, na SHA ina pale inapotuangusha. Yote nitayasema.

Tulikotoka, kwa ufupi

NHIF, bima ya hospitali ya serikali iliyotangulia SHA, ilianzishwa 1966 kwa ajili ya walioajiriwa. Wasioajiriwa walifunguliwa mlango 1972, kwa hiari yao. Wengi tunaikumbuka kwa ile mia tano ya kila mwezi. Mwenye mshahara alikatwa kulingana na kipato, lakini hata mkubwa wa ofisi hakupita 1,700. Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyounda SHA. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria hiyo inakwenda kinyume cha katiba, Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Wiki za mwanzo mfumo ulisumbua nchi nzima, na wagonjwa wa figo na wa saratani ndio walioumia kwanza, maana wao matibabu yao hayangoji.

Jambo moja liwekwe wazi kabla hatujaendelea. Kisheria kila mkaazi wa Kenya anatakiwa kujisajili SHA, na mwenye mshahara anakatwa atake asitake. Kwa hiyo kwa aliyeajiriwa swali si "hii au ile". Swali ni kama aongeze ya kampuni juu yake. Anayechagua kwa kweli ni mwenye biashara ndogo, dereva wa tuktuk, mshonaji, mama wa mahamri, kwa sababu hakuna anayemkata.

Mlangoni: nani anaingia, nani anabaki nje

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na hapa nitakaa.

SHA haikuulizi una sukari tangu lini. Haikuulizi umri. Mzee wa miaka 80 mwenye presha anasajiliwa sawa na kijana wa 22 anayecheza mpira Mama Ngina. Fomu ya kampuni ni kitu kingine. Ukurasa wa kwanza jina na kitambulisho, ukurasa wa pili na wa tatu ni maswali: je, umewahi kulazwa, una pumu, una seli mundu, mamako alikuwa na saratani? Ukijibu ndiyo, mara nyingi utaambiwa ugonjwa huo utaanza kulipiwa baada ya muda fulani, tena kwa kikomo kidogo. Uzazi nao kwa kawaida huhitaji usubiri karibu mwaka mzima tangu siku ya kujiunga. Na mtu aliyevuka miaka sitini na kitu akitaka kujiunga kwa mara ya kwanza, kampuni nyingi zitamshukuru kwa kuja na kumsindikiza mlangoni.

Kabla hatujawalaumu, tuelewe kwa nini. Bima ni mtungi mmoja: wote tunatia, anayeugua ndiye anayechota. Kampuni ikifungua mlango kwa kila mtu na hakuna anayelazimishwa kujiunga, watakaokimbilia ni wale ambao tayari wana kiu. Mzima atasema, mimi naumwa nini? Mtungi unakauka, ada inapanda, na kila ikipanda wazima waliobaki wanaondoka. Kampuni isiyochagua watu wake inafilisika. Hilo ni hesabu tu, halina uovu ndani yake. Ila yule mzee wa 71 aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya dirisha langu, hesabu hiyo haimshushi sukari.

Hata Marekani, nchi inayoamini biashara kuliko zote, iligonga mwamba huohuo. Kampuni zilikuwa nyingi, lakini wazee hakuna aliyewataka kwa bei wanayoiweza. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya Medicare, bima ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, na Medicaid kwa maskini. Zimepita zaidi ya miaka 60 na hakuna mwanasiasa wa huko anayethubutu kuwaambia wazee kwamba itaondolewa.

Sasa leta hesabu hapa Mombasa. Mgonjwa wa figo anasafishwa damu angalau mara mbili kwa wiki. Kiwango ambacho SHA iliweka kwa kila kipindi ni shilingi 10,650. Zidisha kwa mbili, zidisha kwa wiki 52: ni zaidi ya milioni moja na laki moja kwa mwaka, kwa mtu mmoja, kila mwaka, mpaka apate figo nyingine au Mungu amchukue. Kampuni gani itampokea mtu huyu leo akiwa ameshaanza kusafishwa? Wanaoniletea barua za bima binafsi kwa kazi hiyo ni wachache mno, na wote walikuwa ndani ya bima ya mwajiri kabla figo haijaharibika. Waliobaki, kuanzia makuli mpaka mwalimu mstaafu, wanakuja na SHA.

Pesa: nani anatia kiasi gani

Mchango wa SHA ni asilimia 2.75 ya kipato. Mwenye mshahara wa 20,000 anakatwa 550, wa 50,000 anakatwa 1,375, wa laki moja anakatwa 2,750, na hakuna kilele anapoishia. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. Wa mishahara mikubwa wamelalamika, na nawaelewa, kwa sababu aliyekuwa akilipa 1,700 sasa analipa zaidi na wodi ni ileile. Lakini hivyo ndivyo mtungi unavyojaa. Neno moja tu nitaongeza: Tanzania, ndugu zetu walio NHIF ya huko wanachangia asilimia 3 na mwajiri anatia 3 nyingine. Kwetu mzigo wote umewekwa kwenye hati ya mshahara ya mfanyakazi. Hapo kuna haki ambayo hatukupewa.

Ada ya kampuni haiangalii kipato. Inaangalia umri, idadi ya watu na kikomo unachotaka. Mwaka jana nilimsaidia shemeji yangu kuuliza bei: baba, mama, watoto wawili, kikomo cha laki tano cha kulazwa na kidogo cha matibabu ya kwenda na kurudi. Tuliletewa bei tatu, na ya chini kabisa ilipita elfu sitini kwa mwaka. Shemeji ana duka la vipuri Mwembe Tayari, akasema ataweza. Dada wa kumfulia nguo angeambiwa bei hiyohiyo.

Lakini kwa asiyeajiriwa, SHA nayo ina mfupa wake. Unapopiga *147# na kujaza tathmini ya uwezo, unaulizwa nyumba yako ukuta wa nini, paa la nini, choo cha namna gani, mnapikia nini. Kutokana na majibu hayo kompyuta inakadiria mchango wako. Kuna wanaotoka na 300 kwa mwezi, kuna wanaotajiwa kiasi kinachowashtua, na kisha wote wanaambiwa walipe mwaka mzima kwa mkupuo. Hata kiwango cha chini, 300 mara 12, ni 3,600. Kwa anayepokea mshahara tarehe thelathini, ni kitu cha kupanga. Kwa mama anayeamka saa tisa za usiku kukanda unga wa mahamri ili asubuhi apate mia saba, atoe unga wa kesho na nauli ya mtoto, 3,600 kwa siku moja haipo. Ipo kidogokidogo tu. NHIF yenye kasoro zake zote ilikuwa inampokea mwezi kwa mwezi. Mwaka 2025 serikali ilileta mkopo wa Lipa SHA Pole Pole ili mtu alipiwe mwaka mzima kisha arudishe kwa awamu. Ni afueni, ila ni deni, na wanawake wengi ninaowajua hawataki deni juu ya ugonjwa ambao bado haujaja.

Hili ndilo ningelirekebisha kwanza kama ningekuwa na kalamu. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira za Kenya ziko kwenye sekta isiyo rasmi. Ghana waliliona hilo mapema: sheria yao ya bima ya afya ya 2003 iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma, pamoja na ile kodi ya ongezeko la thamani, ili sehemu kubwa ya mfuko itoke kwa kila anayenunua kitu badala ya kumfuata muuza ndizi nyumbani kwake. Rwanda walianza majaribio ya mfuko wa jamii 1999, wakagawa familia kwa hali zao kupitia majirani wanaojuana kijijini, maskini kabisa wakalipiwa, na zaidi ya asilimia 80 ya watu wakawa ndani. Kenya, ilipofika 2022, karibu robo tu ya watu wazima ndio waliokuwa na bima yoyote ya afya.

Dirishani: siku yenyewe ya kuugua

Kwa homa, kikohozi na vidonda, SHA ina kitu ambacho wengi hawakijui. Zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3, kama zahanati ya Ganjoni, hulipwa na Mfuko wa Afya ya Msingi unaotokana na hazina ya serikali. Ukishajisajili unatibiwa hata kama mchango wako haujalipwa. Jisajili basi, hata kama mfukoni hamna kitu leo. Dawa zikikosekana kwenye dirisha la dawa utaandikiwa ukanunue nje, na hilo hutokea, lakini daktari umemwona na damu umepimwa.

Kulazwa ndiko mchango unakohitajika. SHA ilipoanza iliweka 3,360 kwa siku kwa kitanda cha hospitali ya ngazi ya 4 na 3,920 kwa ngazi ya 5, kama Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wazee bado wanaiita Makadara na ambayo inapokea rufaa kutoka Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River mpaka Taita Taveta. Kujifungua kwa kawaida 10,000, kwa upasuaji 30,000. Katika hospitali ya serikali pesa hizo hufunika bili au zikakaribia. Katika hospitali kubwa za binafsi mjini, upasuaji wa kujifungua hupita laki moja kwa urahisi, na tofauti inatoka kwako. Watu hukosana na sisi wa dirishani kwa jambo hili. Wanadhani SHA imekataa. Haikukataa, imetia fungu lake na chumba ulichochagua ni ghali.

Hapa kadi ya kampuni inang'aa. Unaingia hospitali unayoitaka, unamwona bingwa siku hiyohiyo, dawa zote unapewa mkononi, unatia saini unakwenda zako. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo ambao kila mwezi ni masikio, tumbo, kifua, hiyo ni raha halisi na siidharau. Lakini soma kikomo. Nimeona familia ikitumia kikomo chote cha kulazwa kwa ajali moja ya bodaboda barabara ya Nyali, siku ya tisa mgonjwa akiwa bado chumba cha wagonjwa mahututi. Na barua ya idhini, ile ya kampuni kukubali kulipa, nayo ina mambo yake. Jumamosi moja jioni tulimpokea msichana wa kidole tumbo. Kampuni yake ya bima, jina nalihifadhi, ilituchukulia saa sita kujibu, na mjombake alisimama hapa akishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili bila kusema neno. Alipasuliwa saa saba usiku. Alipona.

Upande wa SHA, donda ndugu ni malipo kwa hospitali. NHIF ilizimwa ikiwa inadaiwa na hospitali zaidi ya shilingi bilioni 30. Mwaka 2025 hospitali za binafsi kupitia chama chao, RUPHA, zilitangaza kwamba zitawatoza wagonjwa pesa taslimu kwa sababu ya madeni. Mwaka huohuo Waziri wa Afya Aden Duale alizifungia hospitali kadhaa kwa madai ya udanganyifu, wagonjwa hewa na bili za kupikwa. Na Mkaguzi Mkuu, Nancy Gathungu, alieleza bunge kwamba mfumo wa kompyuta wa SHA, wenye gharama ya shilingi bilioni 104, si mali ya serikali. Haya yakikuumiza moyo, umeelewa vizuri. Pesa ya mama wa samaki imeshatoka kwenye simu yake. Ni amana.

Lakini anayesema "ndiyo maana ya kuwaachia kampuni" asisahau kwamba kampuni nazo huanguka. Aprili 2022 Resolution Insurance, iliyokuwa na wateja wengi wa bima ya afya, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria. Waliokuwa na kadi zake waligundua asubuhi kwamba kadi ni plastiki tu. SHA ikichelewesha malipo kuna bunge la kuipigia kelele, kuna mahakama, kuna kura. Kampuni ikifunga mlango, unakwenda kwenye foleni ya wadai.

Takaful, na mchango wa WhatsApp

Mombasa ulinganisho huu haukamiliki bila haya mawili.

Kuna familia za Kiislamu ambazo hazikatai bima kwa uchoyo. Wanaogopa gharari na riba: unalipa usichokijua, na pesa yako inazungushwa kwenye faida usiyoikubali. Kwao takaful, ambapo wanachama hutoa mchango kwa nia ya kusaidiana na ziada haiwi faida ya mwenye kampuni, inatuliza moyo. Takaful Insurance of Africa ilifungua mlango Kenya 2011. Kuhusu SHA utawasikia mashekhe wa misimamo tofauti, muulize unayemwamini. Mimi naona tu kwamba ni mfuko usio na mwenye hisa anayengoja faida, na hilo lenyewe ni hatua kubwa kuelekea kusaidiana.

La pili ndilo bima halisi ya mji huu. Mtu akilazwa, kabla ya Isha kundi la WhatsApp limeshafunguliwa: "Mchango wa Matibabu", picha ya mgonjwa, namba ya mweka hazina, orodha inayokwenda ikiongezeka, mia mbili, mia tano, elfu. Nimeona bili za laki tatu zikilipwa hivyo kwa siku nne. Nalipenda jambo hili, na nimelichangia mara zisizohesabika. Ila nimeona pia orodha ikisimama kwenye elfu kumi na nne. Mwenye ukoo mpana na majirani wenye kazi huokolewa. Yule aliyekuja mjini peke yake kutoka bara, anayelala Changamwe chumba kimoja na hana msikiti wala kanisa linalomjua jina, kundi lake lina watu sita. Bima ya taifa ni mchango uleule uliopanuliwa mpaka umfikie na yeye.

Je, lazima iwe ya serikali?

Hoja kali ya upande wa pili inatoka Uholanzi na Uswisi, wala si kwa wanaochukia kodi. Uswisi tangu 1996 na Uholanzi tangu 2006, kila mtu analazimika kuwa na bima, na bima hiyo inauzwa na taasisi binafsi. Zinafanya kazi kwa sababu sheria imezifunga: kwa kifurushi cha msingi haziruhusiwi kumkataa mtu, haziwezi kumtoza mgonjwa zaidi ya mzima, na aliyepata wagonjwa wengi hufidiwa na aliyepata wazima. Ujerumani, tangu enzi ya Kansela Bismarck mwaka 1883, ina mifuko mingi ya magonjwa inayojitegemea chini ya sheria. Kwa hiyo si kweli kwamba bila bima ya serikali hakuna mageuzi. Inawezekana, palipo na sheria yenye meno, kipato cha kila mtu kimeandikwa mahali, na ruzuku kwa asiyejiweza.

Marekani ilijaribu njia ya katikati. Novemba 2009 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 220 dhidi ya 215, mswada uliokuwa na bima ya serikali ya kushindana na kampuni sokoni. Katika Seneti zilihitajika kura 60, Seneta Joe Lieberman wa Connecticut akakataa kuunga mkono, na Desemba kipengele hicho kikatolewa. Barack Obama alitia saini sheria Machi 2010 bila hicho. Bado ilisaidia: tangu 2014 kampuni za huko haziwezi kumkataa mtu kwa ugonjwa alio nao. Baadaye jimbo la Washington likaanzisha mpango wake, ukaanza 2021, na somo lake linatuhusu moja kwa moja. Hospitali hazikulazimishwa kujiunga, zikasita, na katika sehemu nyingi za jimbo mpango haukupatikana kabisa mwaka huo wa kwanza.

Nikiyaleta nyumbani: nani Mombasa ataandika kipato cha mbeba mizigo wa Marikiti ili kampuni ishindane kwa ajili yake? Kampuni zimekuwa huru kumwendea miaka yote hii, na hazikumwendea. Soko la watu walio na mwajiri wamelihudumia vizuri. Nje ya hapo hapana biashara, na pasipo biashara lazima serikali iwepo. Ndiyo sababu naitetea SHA huku nikiidai: ilipe hospitali kwa wakati, ipokee mchango kwa mwezi, na mwajiri atie fungu lake.

Sasa uchague

Ukiwa huna mwajiri na pesa yako ni ya kubahatisha, jisajili SHA leo na ulipe mwaka ukipata msimu mzuri, Ramadhani au Desemba wageni wakijaa. Usichukue bima ya kampuni kwanza. Ukiwa na mzazi mzee, fahamu kwamba hata kwa SHA hahesabiwi chini yako, anasajiliwa kwa jina lake na tathmini yake; ifanye yeye akiwa mzima, sio siku ya machela. Mkiwa mnapanga mtoto na mnataka hospitali ya binafsi, kampuni mjiunge mwaka mzima kabla, vinginevyo SHA na hospitali ya serikali itawatosha. Ukiwa na bima ya mwajiri, itumie kwa watoto na mambo ya kila siku, lakini uliza mambo matatu kwa maandishi: kikomo cha kulazwa ni cha kila mtu au cha familia nzima, ugonjwa wa muda mrefu una kikomo gani ndani yake, na ukiacha kazi kadi inazimwa siku gani. Na ukiwa na uwezo wa kuongeza ya kampuni juu ya SHA, ongeza, na mwambie karani wa bili una zote mbili kabla hajaanza kuandika, ili SHA itie fungu lake kwanza na kikomo cha kampuni kikae.

Yule kijana wa bandarini aliacha kupiga simu alipofika kwa ndugu wa nne. Nilimwita, tukamsajili babake palepale kwenye benchi, mzee mwenyewe akijibu maswali: ukuta wa mawe, paa la mabati, choo cha nje. Jioni alilipa mwaka mzima, dadake wa Likoni akiongezea elfu mbili. Mzee alilazwa siku nane, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Siku ya kuruhusiwa alikuja dirishani mwenyewe, akaweka kidole gumba juu ya kioo, na mashine ikakubali mara ya kwanza.